Shati Lisiloshika Chai

Mafundi wenzake walimwita Bi Pindo, maana nguo haikutoka mikononi mwake mpaka pindo liwe limenyooka kama mstari wa rula. Alishona miaka thelathini na mbili katika chumba kimoja chenye dirisha la kuelekea barabarani, na kwenye meza ya pembeni mumewe, mchora mabango, alichora herufi ambazo ungedhani zimepigwa chapa. Kisha mikono ya mume ikaanza kutetemeka.

Daktari aliutaja ugonjwa, akaandika vidonge. Vikasaidia nusunusu. Mzee akaiweka brashi kando, na baada ya brashi akaihama meza ya chakula. Kila akiinua kikombe chai ilimwagika kifuani, na wageni waligeuza macho kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomuumiza. Akawa anakula chumbani peke yake, mlango umerudishiwa. Bi Pindo alibaki akila sebuleni, akisikia kijiko kinavyogongagonga sahani ng'ambo ya ukuta.

Siku moja muuza vitambaa alimletea jora la kijivu, akalimwagia maji kidogo. Maji yakajikusanya vitone vitone, yakateleza mpaka sakafuni. Kitambaa kikabaki kikavu.

"Umekipaka plastiki hiki," Bi Pindo alisema. Lakini alipokipapasa kilikuwa laini, pamba ya kawaida kabisa.

"Si plastiki, mama. Ni nanoteknolojia. Nyuzi zake zimepakwa chembe ndogo mno. Chukua unywele mmoja, uupasue upana wake mara maelfu, ndipo upate chembe moja. Zimejipanga juu ya uzi kama vinyweleo vya mkononi, maji yanakosa pa kushika."

"Na nikikifua?"

Muuzaji alikuna kichwa. "Ukifua mara thelathini hivi, zinapungua."

"Zinakwenda wapi?"

"Zinaondoka na maji ya kufulia. Huko mbele zinafanya nini, mama, nisikudanganye, wataalamu bado wanachunguza."

Jibu hilo lisilotiwa chumvi lilimpendeza. Akanunua mita nne.

Kwa kuwa maji yangepenya kwenye matundu ya sindano, hakuweka mfuko wala mshono kifuani. Vifungo alivihamishia ubavuni, vile vya kubana, visivyohitaji vidole vilivyotulia. Mumewe alilivaa shati, akajigeuzageuza mbele ya kioo, akalisifu. Jioni yake chai ikamwagika kama kawaida. Akaiona ikiteleza kifuani bila kuacha hata alama, akaelewa.

"Mama watoto!" aliita. "Umenivalisha kitambaa cha udenda, kama mtoto mchanga?"

Bi Pindo aliingia na kikombe chake mkononi. Alijimwagia chai ya uvuguvugu kifuani, juu ya blauzi ya kijivu aliyoikata kwenye jora lile lile. Chai ikaporomoka yote mpaka kwenye sketi.

"Basi tuko watoto wawili," alisema. "Sasa toka humu. Nimechoka kula na ukuta."

Mzee alimtazama, akaitazama sketi iliyolowa, kisha suruali yake mwenyewe.

"Na huku chini je?"

"Huku chini nilisahau."

"Fundi mzima!" Akacheka mpaka akakohoa. Akamshika mkono, mikono yao ikatetemeka pamoja, wakaenda sebuleni.

Binti yao alipokuja na mumewe Jumapili, alimkuta baba amekaa mezani kabla ya wote. Akajifanya anatafuta chumvi jikoni, afute macho.

Habari zikafika kliniki, na muuguzi akaanza kuwaelekeza wagonjwa wengine kwa Bi Pindo. Akawashonea watu kumi na mmoja. Alimweleza kila mmoja yale aliyoambiwa na muuzaji, bila kupunguza, akamshauri afute kwa kitambaa kibichi na afue pale tu inapobidi. Mashati yaliyochoka aliyageuza matambara, akakata mengine.

Baadhi yao walizoea kurudi alasiri bila shida yoyote ya nguo, wakae tu na mzee. Walikunywa chai, walimwaga, waliulizana dawa ipi inaleta usingizi. Bi Pindo alipita katikati yao na fagio la kudekia.

"Inueni miguu, waheshimiwa," alisema, na wote wakainua.