Hina Juu ya Kucha za Mama

Kucha za mama zilianza na mistari myeupe. Baadaye zikawa zinakatika akikuna nazi, na siku moja ya kidole gumba iling'oka nzima ndani ya beseni la kufulia. Aliifunga kwenye pindo la leso, akanionyesha mimi peke yangu, binti yake wa pekee.

"Usimwambie mchu," akasema.

Sikumwambia mtu. Niliponda majani ya mhina, nikayakanda kwa ndimu, nikampaka vidole vyote kumi, hata pale penye nyama tupu. Ndimu ilimchoma akauma meno. Yalipokauka tukayabandua, na mikono ikawa mizuri kama ya bibi harusi. Tangu hapo kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri nilimpaka tena. Kwetu Burgao mke wa mtu akikaa mikono mitupu, wenzake huuliza nyumbani kuna nini. Mimi sikutaka kuulizwa.

Nilikuwa na sababu: mimi ndiye niliyejifanya mjuzi wa afya pale kwetu. Tuliporudi kutoka Mombasa, tulikokimbilia wakati wa vita, nilirudi nimevimba kichwa. Huko, kwenye kambi ya wakimbizi, nilifundishwa mambo ya usafi majuma machache, basi nikajiona daktari. Kilipochimbwa kisima kirefu cha pampu, nilikipigia debe kuliko waliokichimba. Wazee walikuwa wakinywa maji ya mvua ya birika la kando ya msikiti. Nikawaonyesha viluwiluwi kwenye gilasi, nikawatia aibu mpaka wakaliacha. Mawe yake yakachukuliwa kujengea majiko.

Maji ya kisima yalikuwa baridi, hayana chumvi wala harufu. "Mai matamu haya, mwanangu," mama alikuwa akiniambia kila akinywa, na mimi nikifurahi kana kwamba nimeyaumba.

Baada ya kucha zikaja nywele. Zilibaki kwenye chanuo kwa mafungu, naye akawa halali bila kilemba. Kisha pumzi yake ikaanza kunuka kitunguu saumu. Hili nikilikumbuka natamani ardhi inimeze. Nilimgombeza. Nilimwambia mbele ya wageni apunguze kitunguu saumu, kwamba mtu mzima hali hivyo. Hakuwa amekigusa. Akaanza kutafuna karafuu na kuongea amefunika mdomo kwa mtandio, na kwenye maulidi hakuenda tena.

Siku aliyokanyaga kaa la moto, mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi inayoungua. Yeye aliendelea kupepea jiko.

Hapo nikaogopa, nikampeleka Kismayo. Nitasema ukweli wote: jioni kabla ya safari nilimpaka hina upya, nikaikoleza. Daktari, mama mmoja wa Kisomali mwenye adabu, alimwita hooyo, yaani mama, akapima mapigo, akachoma nyayo kwa ncha ya kalamu. Akaniuliza mimi: kucha zake ziko vipi, zimebadilika? Aliuliza huku ameushika mkono wenyewe, na haoni kitu ila wekundu.

Nikasema hapana, ni uzee tu.

Mama anakijua Kisomali kama mimi. Alinitazama kwa shukrani, maana nilikuwa nimemsitiri. Tukarudi na dawa ya maumivu, na mama akaendelea kunywa maji yangu matamu mwaka mwingine mzima.

Kisha baba akafariki. Alikuwa fundi wa kuunda mashua, siku nyingi akilala na kula kazini kwake Chovai, na moyo wake ulisimama huko huko. Mama akakaa eda. Mwenye eda hapaki hina, kwa hiyo wekundu ukaanza kutoka pamoja na vipande vya kucha, na chini yake yakabaki makovu. Alificha mikono chini ya buibui. Lakini mfiwa hupewa mkono, na hana namna ya kuukataa.

Jirani yetu, mwanamke aliyecheza naye utotoni, aliushika mkono ule akaugeuza. Nilisimama na sinia la kahawa nikisubiri aibu yetu itangazwe. Yule mama alivua kilemba chake. Kichwani mlikuwa na mabaka matupu.

"Na mimi," akasema.

Mwingine akakwangua hina ya kidole chake kwa kisu cha chungwa, akatuonyesha. Wanawake saba walikuwa chumbani, watano walikuwa hivyo hivyo, kila mmoja akijificha nyumbani kwake na binti wa kumpaka. Wawili waliosalimika walikuwa wageni kutoka Fuma, hawajawahi kunywa kisima chetu.

Nilijaza chupa mwenyewe, ikapelekwa kupimwa Mombasa. Yakaja majibu: seleniamu. Ni madini ya ardhini, mwili unayataka kidogo sana, na yakizidi kwa miaka huwa sumu, ingawa hayampati kila mtu kwa kasi moja. Huangusha nywele, huozesha kucha, hutia pumzi harufu ile niliyomgombezea, hutia miguu ganzi. Kisima kikafungwa mnyororo. Sasa twajenga birika upya, na mawe nabeba mimi. Hakuna aliyenilaumu. Ningelaumiwa ningelala vizuri zaidi.

Nilimwambia mama nilivyomdanganya daktari. Akasema alikuwapo, alisikia, naye pia alinyamaza. Nilitaka anitukane.

Nywele zake zinaota tena, laini kama za mtoto. Kucha nazo zinapanda safi kutoka chini. Eda ilipokwisha aliniita nimpake hina.

"Za mkono ziache, wachu wazione," akasema. "Nipake miguu."

Aliegemea ukuta akafumba macho. Nikaweka mguu wake wa kulia mapajani mwangu, nikaanza unyayoni, nikapaka kidole kimoja kimoja, taratibu, nikiubonyeza kila mahali kwa matumaini.

"Haya basi, anza," akaniambia.

Mguu mmoja nilikuwa nimeshaumaliza.