Benchi la Wazungu Kanisani Tororo

Mwezi uliopita nilirudi Tororo kwa mazishi, nikaingia katika kanisa letu la zamani. Wameweka vigae na viti vya plastiki. Nilikaa nilipotaka, ndugu yangu, wala hakuna aliyegeuka kunitazama.

Miaka ile kabla ya Uhuru, mabenchi mawili ya mbele yalikuwa ya Wazungu. Hakuna aliyeandika hivyo ukutani, tulijua tu. Mimi na nyanya yangu tulikuwa tukitoka kijijini kwetu Paya umande haujakauka, karanga za kukaanga zimefungwa kitambaani, viatu vyangu nimevishika mkononi visichakae.

Jumapili moja nyanya alifika mguu umevimba. Nyuma kulikuwa kumejaa. Akaenda akaketi mbele.

Mzee wa kanisa alikuja upesi, akamnong'oneza, "Mama, toka hapo. Hiyo kiti ya Wazungu."

"Mwanangu, mguu inauma. Nakaa kidogo tu."

Mzungu msimamizi wa barabara alikuwa ameingia na mke wake. Alimshika nyanya mkono, akamvuta, naye akaanguka sakafuni mbele ya watu wote. Mchungaji aliendelea kusoma. Mke wa Mzungu aliinamia kitabu chake cha nyimbo. Mimi ndiye niliyemwinua nyanya, nikashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Sikutaka kurudi tena. Nyanya alirudi, akakaa nyuma.

Mvua kubwa zilipoanza, mtoto wa pekee wa wale Wazungu alikufa kwa malaria. Nyanya alikaanga karanga, akaniambia twende matangani.

"Yule si ndiye alikuangusha?" nikamuuliza.

"Ndiye. Na mtoto wake amekufa."

Tulikaa kwenye nyasi mbele ya nyumba yao. Mpishi alituambia tuzunguke nyuma. Nyanya hakumsikia, au alijifanya hakusikia. Mwishowe mke wa Mzungu alitoka pekupeku, akaketi chini karibu naye. Hawakuwa na lugha moja. Walishikana mikono wakalia. Mumewe alimwita kutoka mlangoni, mara mbili. Hakugeuka.

Njiani nilimuuliza nyanya kama amemsamehe yule bwana.

"Asubuhi nasamehe," alisema. "Jioni mguu inauma, nakasirika tena. Kesho naanza upya."

Wale Wazungu waliondoka bila kutuomba radhi. Uhuru ulipokuja, mabenchi yale yakawa ya yeyote, na wa kwanza kuyakalia walikuwa wakubwa wetu wapya na wake zao. Nyanya hakusogea mbele.

Sasa hayupo. Shamba lake la karanga limejengwa nyumba za kupangisha, na sisi tuliomwona akianguka tumebaki wachache. Wanangu huniuliza kwa nini nina hasira na watu waliokwisha kufa. Nimesali miaka yote hii. Yule mama nilimsamehe palepale kwenye nyasi. Mumewe, nikikwambia ukweli, bado. Nimechoka kumbeba, lakini bado.