Mtani Aliyelinenepesha Gitaa Langu

Mtu akikuibia gitaa, mtaa mzima utapiga nawe kelele za mwizi. Akikuibia sauti ya gitaa na kukuachia mbao, wewe ndiye utaonekana mgonjwa. Nimeonekana mgonjwa tangu mfungo ulipoisha, na bado sijapona.

Napiga ridhimu katika bendi ya watu wa makamo wenye vitambi, inayotumbuiza kwenye bonanza la Jumapili katika baa moja ya Ilala. Ridhimu ndilo gitaa ambalo hakuna anayelitazama. Kazi yake ni kujaza nafasi iliyoachwa na solo, kisha kuondoka upesi. Kwa kazi hiyo nataka sauti nyembamba, kavu, kama kijiko kinachogonga glasi. Gitaa langu lilikuwa nayo. Ilitoka kwenye pikapu yake ya zamani, ile sumaku iliyozungushiwa waya inayokaa chini ya nyuzi. Ilikuwa na koili moja, na ilivuma kidogo, kama inzi ndani ya chupa. Nilimzoea yule inzi. Mke wangu anasema nilimpenda kuliko yeye, na sijawahi kubisha kwa nguvu inayotakiwa.

Mpiga solo wetu ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo tu watani tangu enzi za mababu, wao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya misafara vichwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kulala ndani ya kaburi la baba yako mpaka umpe chochote, nawe huruhusiwi kukasirika. Alichukua gitaa langu akidai analibadilisha nyuzi. Jumapili iliyofuata akanirudishia. Nikachomeka waya kwenye amplifaya, nikazipiga nyuzi zote mara moja. Ikatoka sauti nene, kama mtu anayeongea huku ana tonge la ugali mdomoni.

"Umelifanya nini?"

"Nimemuua inzi wako," alisema. "Nimekuwekea pikapu mpya, koili mbili, haivumi. Nyie Wazaramo mmezoea ngoma, vitu vya umeme hamvijui."

"Nani alikutuma, mpagazi wewe?"

"Hee! Jamani, njooni muone, mtani kanuna!"

Bendi nzima ikacheka. Mpiga besi akapendekeza nitozwe faini ya soda. Nikatabasamu lile tabasamu linalouma taya.

Siku hiyo tulipiga hovyo. Ridhimu ilimeza solo, mwenye solo akaongeza sauti, nami nikakizungusha kitufe cha toni mpaka mwisho nikitafuta ule ukali wangu. Ilikuwa kama kukamua chungwa lililokwisha kunyonywa.

Kesho yake nikaenda Kariakoo, kwenye duka ilikofungwa hiyo pikapu. Mwenye duka akaniambia ile ya zamani ilibaki kwake, naye ameshaiweka kwenye gitaa la kwaya moja ya Buguruni.

"Mtani wako alisema ni takataka," akaongeza, kana kwamba ananifariji.

Jumapili asubuhi nikasimama nje ya kanisa, mimi mtoto wa madrasa, nikisikiliza. Ilikuwa yenyewe. Inzi, kisha kijiko na glasi, katikati ya sauti za kina mama. Nilikasirika hadi macho yakawasha.

Ibada ilipokwisha nikamfuata mpigaji, mama wa rika langu aliyevaa sare ya kwaya. Nikamweleza, nikamwomba tubadilishane, achukue yangu mpya isiyovuma.

"Isiyovuma nilikuwa nayo, kaka, hadi ilipokufa," alisema. "Ilikuwa inafunika waimbaji. Hii inasema neno lake, inanyamaza. Kwa kweli siitoi. Ila karibu kila Jumapili uje uisikilize."

Ningeweza kubishana. Nimesoma chuo kikuu, nimebishana miaka mingi kuhusu mambo nisiyoyajua. Lakini katika Dar nzima, mtu pekee aliyekubaliana nami kuhusu ile sauti ndiye aliyekuwa nayo. Nikamuaga, nikaibeba hasira yangu nzima hadi Ilala, isimwagike njiani.

Mtani alikuwa anakula mishikaki. Gitaa lake la solo lilikuwa limeegemea spika. Nikalitia kwenye begi lake, nikavuta zipu, nikalitundika begani.

"Unaenda nalo wapi?"

"Nyumbani. Linabadilishwa nyuzi."

Akasimama, mshikaki mkononi. "Mtani, tunaanza saa kumi."

"Anzeni."

"Usilete mchezo, bwana, hilo gitaa..."

"Jamani," nikaita bendi, "njooni muone, mtani kanuna!"

Wakacheka. Yeye akatoa meno yote nje, na nikalitambua tabasamu: taya zilikuwa zinamuuma.

Sauti yangu haikurudi. Gitaa lake liko juu ya kabati chumbani kwetu, na mke wangu anauliza litakaa hapo mpaka lini. Namwambia mpaka mwenyewe aje kulikomboa. Akija nitamkalisha, nimuulize anapenda sauti ya namna gani, na nitamsikiliza mpaka amalize. Mimi hakuniuliza.