Zephania na Kipaza Sauti cha Mahakama

Zephania Chilongani alizaliwa mdomo, viungo vingine vikafuata baadaye. Hivyo ndivyo alivyojieleza mwenyewe, na waliomjua hawakubisha. Kwao Kongwa alitangaza mechi za kata kwa spika ya kuazima, kisha akajitolea miezi kadhaa kwenye redio ndogo ya mkoani, mpaka siku aliposoma tangazo la msiba kwa sauti ya mtu anayetangaza penalti. Wafiwa walifika redioni wenyewe. Ndoto ya utangazaji ikazikwa wiki ileile na yule marehemu.

Wakala aliyempeleka Dubai alimwuliza anaweza kufanya nini. Akajibu, "Kuongea." Wakala akamtazama urefu na mabega, akaandika: mlinzi.

Kampuni ikampanga mahakamani. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama kando ya mashine ya kukagua mikoba na kuwaambia watu waweke simu na mikanda kwenye trei. Lakini Leah, dada yake, aliposikia neno "mahakamani" hakungoja sentensi iishe. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilijua kwamba Zephania ni mtu wa mahakama Uarabuni. Wajomba wakaanza kumtumia ujumbe wa sauti kuhusu mipaka ya mashamba. Naye, badala ya kukanusha, alikuwa akikohoa kidogo na kujibu, "Suala hilo linahitaji ushahidi." Aibu aliiona, ila ilikuwa aibu ndogo, ya kuvumilika.

Kesi nyingi pale husikilizwa kwa video. Shahidi anaweza kuwa ofisini, mji mwingine au kitandani, na sura yake ikaonekana ukutani mbele ya jaji. Sauti na picha zote hupitia kwenye chumba kimoja chenye skrini nyingi, na bwana wa chumba hicho alikuwa Shafik, fundi wa mitambo, Mganda mpole asiyependa kelele. Mlinzi wa mlango wa chumba hicho alipokwenda likizo, msimamizi wao Nasifu, naye Mganda, akamweka Zephania.

"Wewe simama mlangoni," Nasifu alimwambia. "Kiti si yako, meza si yako, na vile vitufe ndiyo kabisa si vyako. Umesikia, ssebo?"

"Nimesikia, bosi."

Alichosikia yeye ni kwamba amerudi studio. Tangu siku hiyo akawa anakunywa maji ya tangawizi kila asubuhi, kulinda sauti ambayo hakuna aliyeiomba.

Siku ya mkosi ilisikilizwa kesi ya Japhet, kijana wa Kipare aliyekuwa akisambaza vyakula kwa pikipiki. Aligongwa na gari kwenye makutano ya barabara, akavunjika mguu na mbavu. Wakili wa mwenye gari alidai Japhet ndiye aliyevuka taa nyekundu. Japhet alionekana kwenye skrini akiwa amelala hospitali, mguu umening'inizwa juu. Ndani ya mahakama, kando ya jaji, aliketi mkalimani, Bi Mawadda, mama wa makamo wa ukoo wa zamani wa Unguja, ambaye Kiswahili chake kilinyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Utaratibu ulikuwa wakili aseme kwanza kwa Kiarabu, amalize, ndipo Bi Mawadda amfasirie Japhet.

Shafik akasimama. "Naenda kuswali, narudi sasa hivi. Usiguse kitu."

Zephania hakugusa kitu. Aliinama tu mezani amwone wakili vizuri, akaegemea kiwiko.

Wakili alikuwa mtu wa mikono. Alinyanyua huu, akashusha ule, akaenda kulia, akarudi kushoto. Zephania akamtazama, koo likamwasha, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Naaam, wakili anakuja na mpira wingi ya kulia! Anampita mmoja, anampita wa pili, anatazama golini, peke yake na jaji... anapiga... aaah! Nje! Mpira umepaa juu, mtazamaji, umekwenda kutafutwa huko milimani Hatta!"

Kwenye skrini wakili alinyamaza, mkono ukabaki hewani. Watu wote mahakamani walitazama dari, kwenye spika. Japhet kitandani alipasuka kicheko, papo hapo akashika mbavu na kulia, "Mama yangu! Mama yangu nakufa!" huku bado anacheka.

Zephania akatazama kiwiko chake. Kilikuwa kimelalia kitufe cha kipaza sauti, na taa yake nyekundu inawaka.

Jaji, mzee wa miwani myembamba, akamgeukia mkalimani, akauliza ile sauti imesema nini. Bi Mawadda alikuwa amekula kiapo kufasiri kila neno linalosemwa mle ndani bila kupunguza wala kuongeza. Akajiweka sawa mtandio wake, akafasiri yote, wingi ya kulia mpaka Hatta. Jaji akasikiliza bila kutikisa hata ndevu. Kisha akauliza jambo jingine, na Bi Mawadda akajibu kwa heshima. Baadaye ndipo Zephania alipoambiwa maneno hayo. Jaji aliuliza, "Na mwamuzi, amesemaje juu ya mwamuzi?" Bi Mawadda akamjibu, "Mheshimiwa, alikuwa hajamfikia."

Kesi ikaahirishwa. Wakili alilalamika kwamba shahidi ameshawishiwa na sauti isiyojulikana, na jaji, apende asipende, akakubali isikilizwe upya siku nyingine. Shafik aliporudi kutoka kuswali alikuta chumba kimejaa wakubwa, na Zephania katikati yao amesimama kama trei iliyosahauliwa.

Nasifu hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nilikwambia habari ya vitufe. Sikufikiria kiwiko. Hilo ni kosa yangu." Kisha akampeleka lango la nje, kwenye maegesho, kuwaambia madereva kwamba nafasi zimejaa. Ilikuwa mwezi wa nane. Ukivua kofia, jasho linakauka kabla halijashuka, na ukiivaa, ubongo unaiva.

Leah alipiga simu. "Kaka, nasikia umehamishwa?"

"Ndiyo. Wamenipeleka mambo ya nje."

Alimaanisha nje, juani. Lakini Leah alipiga kigelegele, na kabla Zephania hajajieleza, simu ilikuwa imeshakatwa ili habari zisichelewe. Akasimama pale langoni, mtu wa mambo ya nje, akicheka peke yake mpaka dereva mmoja akapandisha kioo kwa hofu.

Kicheko kiliisha usiku alipolala akamkumbuka Japhet. Yule kijana alikuwa amengoja siku ile asafishe jina lake, na sasa atangoja tena, mguu juu, kwa sababu ya mdomo wa mtu asiyemjua. Siku yake ya mapumziko Zephania akanunua machungwa, akaenda hospitali.

"Mimi ni yule wa spika," alisema mlangoni pa wodi.

Japhet akamkazia macho. "Rudia kidogo."

"Naaam, wakili anakuja na mpira..."

"Ni wewe! Nyamaza, nyamaza, mbavu!" Japhet akajishika ubavuni. "Kaa hapo. Usinichekeshe."

"Nimekuja kuomba radhi. Nimekuchelewesha kesi."

"Umenichelewesha kweli, na nilikasirika sana," Japhet alisema. "Siku ya pili nikakasirika tena. Siku ya tatu nikagundua tangu nigongwe nilikuwa sijacheka hata mara moja." Akamenya chungwa polepole. "Lakini niambie ukweli. Wakili alikuwa amesema nini mpaka ukasema mpira umetoka nje? Mkalimani hakupata nafasi ya kunifasiria. Nimelala hapa najipa moyo kwamba hoja zake ni mbovu."

Zephania akajikuna kisogo. Angeweza kukohoa na kusema suala hilo linahitaji ushahidi.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi Kiarabu najua yalla na khalas. Sikuelewa hata neno moja. Nilitangaza mikono."

Japhet akaanza kutetemeka, machozi yakamtoka, kitanda kikalia, na nesi akaja mbio, akamshika Zephania mkono, akamtoa nje pamoja na machungwa yaliyobaki.

Kesi ilisikilizwa upya mwezi uliofuata. Zephania alikuwa langoni, hakuona lolote. Mchana gari dogo jeupe likasimama mbele yake, kioo kikashuka, na Bi Mawadda akachungulia.

"Wewe ndo Zephania?"

"Shikamoo, mama. Ndiye mimi."

"Marahaba. Picha za kamera ya barabarani zimeoneshwa. Yule kijana alipita taa ya kijani. Mwenye gari ndiye mwenye kosa, khalas." Akatazama mbele, akatabasamu kwa upande mmoja. "Miaka yote hii nafasiri wizi na talaka. Siku ile nilijiuma ulimi mpaka jioni ukaniuma kula. Lakini usirudie, mwanangu."

"Sirudii, mama."

Japhet alipoanza kutembea kwa magongo, alisema amechoka na kuta na lami, anataka kuona mlima wowote, hata usio wa kwao Same. Ijumaa moja wakapanda basi la Hatta pamoja. Jangwa lilikwenda, likaenda, kisha miamba ikaanza kuinuka pande zote, mikavu, ya rangi ya kahawa. Japhet akaweka paji la uso kwenye kioo. Zephania alifungua mdomo mara mbili na mara zote mbili akaufunga.

"Mbona kimya?" Japhet aliuliza bila kugeuka.

"Natazama tu."

Japhet akasogea, akampisha dirishani, na basi likaendelea kupanda.