Mke Aliyezikwa Chini ya Sakafu Yetu

Babu mzaa babu yangu, mpagazi wa misafara, alimfukia mkewe hai chini ya sakafu ya nyumba yetu ya Ipole ili mzimu wake ulinde jino la tembo alilowaibia Waarabu. Na tangu hapo kila mzaliwa wa kwanza wa ukoo wetu humuua mke wake. Hayo niliyasikia nikiwa na miaka tisa, kwenye msiba wa babu, kutoka kwa Mgogo mmoja aliyelala kaburini akigoma kutoka mpaka apewe kuku. Niliyaamini kuliko katekisimu. Mimi ni mzaliwa wa kwanza wa mzaliwa wa kwanza, na mama yangu alikuwa amekwisha kufa.

Baba ndiye aliyenithibitishia, kwa kunyamaza. Akitoka kwenye shamba la tumbaku alijifungia chumbani, dirisha halifunguliwi, na msimu mzima ungeisha hajasema zaidi ya "chumvi".

Ukubwani, nikiwa fundi baiskeli Tabora mjini, nilijiunga na masomo ya jioni. Tukasomeshwa zile riwaya za Kizungu za zamani, zenye majumba ya giza na mabwana wenye siri. Wenzangu walisinzia, mimi nilikuwa nasoma habari za kwetu. Kila mrithi hupokea nyumba pamoja na uovu wa waliomtangulia, na anayeumia ni bibi harusi. Mwalimu akauliza kwa nini bwana mmoja wa namna hiyo alikuwa katili.

"Damu ya baba yake!" nikapiga kelele, hadi sokoni wakasikia.

"Soma tena, bwana. Huyu kalelewa na mtu asiyezungumza naye."

Mtihani nilifaulu, ila ukurasa ule sikuurudia. Nilikuwa na mchumba, binti wa Puge, aliyeningoja miaka minne nikimbunia visingizio. Nikamwambia aolewe na mwingine, bila kumpa sababu. Akaolewa kabla mvua hazijaisha.

Shangazi alipokuja kunikaripia, nikamweleza yote. Hakucheka.

"Yule Mgogo ni mtani wetu, baba. Msibani kazi yao ndiyo hiyo, kutuzulia ya uongo ili tucheke. Mama yako alikufa kwa uzazi. Damu ilimtoka, gari likakwama kwenye matope, baba yako akambeba mgongoni mpaka akakata roho. Hakuna aliyemuua."