Ukuta wa Rosebellah Wasubiri Kukwanguliwa

Saa mbili asubuhi, Selipher Awuor anafagia ua wa nyumba kongwe ya udongo mtaani Manfuha, kusini mwa Riyadh. Akiufikia ukuta wa sebuleni, anaweka ufagio chini na kuupangusa vumbi kwa kitambaa, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

Ukuta huo umejaa nusu duara zilizochorwa kwa vidole. Baada ya Idi utakwanguliwa.

Nyumba hii ilijengwa zama ambazo mji mkuu wa Saudia ulikuwa wa udongo mtupu. Wenyewe walipohamia majumba ya saruji, waliwapangishia wageni. Selipher, 46, mzaliwa wa Ugenya nchini Kenya, aliishi humu na Wakenya wenzake.

Mwaka mmoja mvua kubwa iliuporomosha ukuta huo nusu. Wakamwendea mwenye nyumba.

"Akasema mafi, hakuna matengenezo, hii nyumba ni ya kubomolewa," anasimulia Selipher. "Sasa sisi tungekaa tu ituangukie?"

Hawakukaa. Ijumaa, siku yao ya mapumziko, waliponda kifusi, wakakichanganya na maji na majani makavu ya kulishia mbuzi, wakasiriba kama wanavyosiriba akina mama wa kwao. Rosebellah, rafiki yake kutoka Mumias, ndiye aliyemalizia kwa vidole.

"Kwetu huwezi kusiriba ukuta uuache hivyo tu," anasema Selipher. "Kila mama ana mkono wake. Ukipita nje unajua hapa ni kwa fulani."

Mwaka uliofuata Rosebellah aliugua. Ikama yake, kibali cha kuishi Saudia, ilikuwa imekwisha na kafili, mwajiri aliyemdhamini, hakuifanya upya, kwa hiyo akaogopa kwenda hospitali asije akakamatwa. Alifia chumba cha pili kutoka ukuta huo.

Kisha nyumba ikatangazwa kuwa ya kihistoria na wapangaji wakafukuzwa. Selipher alirudi akiwa na sare ya kampuni ya usafi, akamkuta Ziyad, kijana anayetembeza wageni, akiwaeleza kwamba nusu duara zile ni za mafundi wa kale.

"Walipotufukuza walituita wachafu! Halafu mkono wa huyo mchafu wanaupiga picha!"

Alivumilia miezi kadhaa. Mwezi uliopita uzalendo ukamshinda. Mbele ya wageni, kwa Kiarabu chake cha jikoni, akasema hiyo ni kazi ya Rosebellah, halas, basi.

Ziyad alimwamini. Akawaeleza wakubwa wake, akitumaini watarekebisha maelezo. Wao wakaona ni rahisi kurekebisha ukuta: kama si wa kale, ukwanguliwe.

Inaudhi. Bila udongo wa wanawake wale, leo hapa pangekuwa na kiwanja cha kuegesha magari. Wameizuia nyumba isianguke, na historia yake haina nafasi hata ya jina moja lao.

Je, anajuta kusema?

"Ningenyamaza ungebaki, lakini ungebaki ukiwa wa mtu mwingine. Ziyad naye kila siku ananiomba msamaha, maskini. Si makosa yake."

Mkataba wake unaisha Desemba. Kabla ya kufika kwake Ugenya, atapitia Mumias kwa Maryann, binti wa Rosebellah, aliyeachwa akiwa mdogo mno kujua mkono wa mamake.

"Nitamwonyesha. Tutasiriba nyumba yao yote, ndani na nje, na mtu akiuliza ni ya nani, atamtaja mamake," anasema, akiokota ufagio. "Hiyo nayo waje waikwangue."