Treni Niliyokataa Kupanda

Nakumbuka mchana ule, mwanangu, nikiwa nimechuchumaa uani kwa Shangazi Matilda, mikono imejaa grisi, naupaka mafuta mnyororo wa baiskeli yangu. Waliingia vijana wawili wakaniambia kwamba baiskeli ile itasafiri bila mimi, na mimi nitapakiwa kwenye treni pamoja na masufuria. Mvi zimeshaniota, na wale vijana sasa ni wazee kama mimi. Lakini nikiikumbuka siku hiyo hasira inanipanda mpaka leo, na sioni haya kukuambia hivyo. Kaa hapo, nikueleze ilivyokuwa, maana ukiisikia juu juu utadhani ni ugomvi wa watoto.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Ifakara. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, nyumba zinanuka makapi, na sisi vijana wa kigango cha kanisa tulitaka kutoka kidogo tuone dunia. Tukakubaliana twende Kidatu kwa baiskeli, kundi zima, bila haraka. Tungelala Kiberege, tungelala Mang'ula kwa Wakristo wenzetu, tungepanda mlimani kuona maporomoko ya maji, tungefika bwawani Kidatu, kisha tungerudi. Barabara haikuwa hii unayoijua. Lami hatukuwa nayo. Ilikuwa changarawe na vumbi, na lori likipita unafumba macho na kuomba Mungu.

Baiskeli nilikuwa nayo. Niliipata kwa mpunga wangu mwenyewe, wa shamba la bondeni nililolima na Shangazi. Nililima, nikapandikiza, nikakaa juani nikiamia ndege wasile mpunga mpaka sauti ikanikauka. Wazazi wetu walikuwa upande wa Mahenge, kwa hiyo mimi na kaka yangu Titus tulikuwa tunakaa kwa Shangazi. Titus alikuwa na baiskeli yake, aliyonunuliwa na baba. Likumbuke hilo, kwa sababu yeye alilisahau.

Kiongozi wetu wa vijana aliitwa Gaudensi. Kijana mrefu, mzungumzaji, na akishasema jambo kwenye kikao watu wanaona limekwisha kuamuliwa. Siku ya kupanga safari alisimama akasema, "Wavulana tutafanya mazoezi kila Jumamosi. Wasichana watashughulikia matayarisho."

Nikanyoosha mkono. "Kwani mazoezi si matayarisho? Na sisi tunakwenda."

Watu walicheka. Gaudensi naye alicheka, kwa upole, kama unavyomchekea mtoto. "Vero, sasa chakula atapika nani?"

"Kama tunakula wote, tupike wote."

"Hayo tutayaangalia," alisema.

Hayakuangaliwa, mwanangu. Kila Jumamosi wenzetu walipita wakishindana mpaka kivukoni, mashati yamejaa upepo, na wakirudi wanakuja moja kwa moja kwetu kuomba togwa. Sisi tulikuwa tunatwanga mpunga, tunakaanga karanga, tunachoma maandazi makavu ya kukaa siku nyingi, tunashona mifuko ya magunia ya kuning'iniza kwenye keria. Walikunywa, wakafuta midomo, wakaulizana nani kamshinda nani. Hakuna aliyeuliza kama sisi tutaiweza ile barabara. Waliona hatuna haja ya kuiweza.

Mimi na rafiki yangu Skolastika tukajitafutia wakati wetu. Tulitoka alfajiri, kabla ya kwenda shamba, kila mmoja amefunga mfuko wa mchanga nyuma ili kuuzoea mzigo. Siku za kwanza magoti yaliniuma mpaka nikalia. Kumbe kiti kilikuwa chini mno. Nikakipandisha, maumivu yakaisha. Tukajifunza kunywa maji kabla kiu haijatubana na kupumzika kabla hatujachoka kabisa. Tulijifunza kuziba tairi wenyewe, kwa gundi na msasa na kipande cha tyubu kuukuu. Wale wenzetu hawakubeba mzigo hata siku moja. Mazoezi yao yalikuwa mbio tu, na mbwembwe. Gaudensi alikuwa anaruka mitaro kwa baiskeli wasichana wakipita, na alipouruka mmoja mpana, kile chuma kinachoshika gurudumu la mbele kikapasuka.

Safari ilikuwa imebakiza siku chache tu. Ndipo akaja uani kwetu, na Titus ubavuni mwake.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Shangazi, aliyekuwa barazani anapepeta mchele.

"Marahaba. Karibuni."

Mimi hakuniamkia. Aliiendea baiskeli. Akabonyeza tairi kwa dole gumba, akashika breki, akatikisa usukani, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

"Iko sawa," alimwambia Titus. "Itanifaa."

"Itakufaa kwa nini?" niliuliza.

Titus ndiye aliyejibu. "Vero, ya Gaudensi imevunjika. Kiongozi hawezi kubaki. Nimeshamwambia achukue hii. Wewe utapanda treni na vyombo, utashukia Mang'ula. Tukifika tukute chakula tayari."

"Umeshamwambia," nilisema.

"Mimi ni kaka yako. Hii ni mali ya nyumbani."

Gaudensi akanigeukia sasa, na tabasamu lake. "Usichukie, dada. Treni ni starehe. Jua la barabarani litakuunguza bure."

Mwanangu, nikatupa kitambaa nilichokuwa nafutia grisi, nikakimbilia jikoni, nikalia huku nimeziba mdomo ili wasinisikie. Fikiria hilo. Ninaibiwa mchana kweupe, na mimi ndiye ninayejificha.

Shangazi alinifuata, ungo bado mkononi. Nilitegemea atanibembeleza. Hakunibembeleza.

"Unamlilia nani humu?"

"Wanachukua baiskeli yangu."

"Nimewasikia, mimi si kiziwi. Nakuuliza unamlilia nani. Haya mafiga yamekuchukulia nini?"

Nikamwomba aende yeye akawaambie.

"Nikienda kusema mimi, watanisikia leo kwa sababu ya umri wangu," alisema. "Kesho nikiwa shamba watarudi. Futa uso. Toka ukaseme mwenyewe. Mimi nitasimama mlangoni."

Nilitoka. Gaudensi alikuwa ameshaielekeza baiskeli njiani. Nikaushika usukani kwa mikono miwili, pale pale alipokuwa ameushika yeye.

"Hii haiendi," nilisema.

"Vero, tumeshakubaliana."

"Umekubaliana na nani? Ungeniomba mimi ningefikiri. Hukuniomba. Umekwenda kumwomba mtu ambaye baiskeli si yake." Nikamgeukia kaka yangu. "Na wewe, Titus. Siku nilizokuwa naamia ndege wewe ulikuwa shamba gani? Wewe unayo yako. Ile pale imeegemea ukuta. Mbona hukumpa hiyo?"

Titus aliitazama baiskeli yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Basi safari ya watu wote itaharibika kwa ajili yako," alisema Gaudensi.

Hapo Shangazi alisema, kutoka mlangoni, na wala hakupaza sauti. "Safari ilianza kuharibika ulipokuwa unaruka mitaro. Huyu mtoto nimemwona kila alfajiri anatoka na mchanga mgongoni mwa baiskeli, akirudi anashika jembe. Ninyi nimewaona mkija kuomba togwa. Mmekula nguvu zake wiki zote hizi, sasa mmekuja kuchukua na magurudumu. Titus, kama unamhurumia rafiki yako, mpe yako. Wewe panda treni na masufuria. Si nimesikia ni starehe?"

Titus hakumpa. Na sikiliza hili, kwa sababu ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko yote: hakuna mvulana hata mmoja katika kundi lile aliyempa. Gaudensi aliwazungukia wote. Kila mmoja alikuwa na sababu. Yule ameshafunga mzigo, yule amemwahidi mama yake, yule anasema hawezi kukosa safari hii. Jambo lile lile waliloliona dogo kwangu, la "usichukie, dada," likawa zito mno kwao wenyewe. Walijua uzito wake tangu mwanzo. Walidhani tu kwamba mimi sitausikia.

Sisi wasichana tulikutana jioni hiyo kwa Skolastika. Tukasema chakula kitagawanywa, kila mtu abebe chake kwenye keria yake, na kupika kutakuwa kwa zamu, wanaume kwa wanawake. Waliponung'unika tuliwaambia kwamba asiyetaka atabaki, na maandazi yatabaki kwetu. Wakanuna, lakini wakakubali. Gaudensi ndiye aliyekwenda na treni, na masufuria yale yale.

Siku ya kuondoka wenzetu walitoka kwa mbio, kama walivyozoea Jumamosi zao. Vumbi lao tulilila mimi na Skolastika kwa muda, kisha likatulia. Kabla ya Kiberege tukaanza kuwakuta mmoja mmoja. Mizigo ilikuwa imelegea, imeanguka upande mmoja. Mwingine amemaliza maji yake yote. Titus alikuwa amekaa pembeni ya barabara, tairi la nyuma limelala.

Nilishuka. Alinitazama, akatazama chini.

"Sina gundi," alisema.

Nikampa gundi, nikampa msasa na kipande cha tyubu. Tairi sikumzibia. Nilikaa kivulini nikamwangalia anavyohangaika, akaziba, likavuja, akaziba tena. Skolastika alitaka kumsaidia, nikamwambia aache. Mwisho likashika. Akarudisha gundi mkononi mwangu, akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia.

"Vero, nilikosea."

"Ndiyo, ulikosea," nilisema.

Sikumwambia haidhuru, mwanangu. Ilidhuru. Lakini tulipanda baiskeli zetu tukaenda pamoja, na tangu pale hakuna aliyekimbia mbele. Kundi lilikwenda kwa mwendo wa aliyechoka zaidi, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wa kushoto, na nyani wametukalia barabarani kama wenye barabara yao. Mang'ula tulimkuta Gaudensi amepika, maana zamu ilikuwa yake. Maharage yalikuwa mabichi. Tuliyala. Hakuniomba radhi siku ile wala siku nyingine yoyote, na nasikia mpaka leo kwenye harusi anasimulia jinsi alivyoiongoza safari ya Kidatu. Mwache asimulie. Mimi nilifika Kidatu kwa nguvu za miguu yangu, viganja vimevimba, nikatazama maji ya bwawa, na nilijua nimefikaje.

Sasa nasikia ninyi nanyi mnajiandaa kwa safari ya namna hiyo, na kwamba wasichana wameambiwa wasipate shida, watafuata na gari la mizigo. Ndiyo maana nimekuita. Mwanangu, maandalizi ya safari ya wengi yasianzie kwenye matairi. Yaanzie kwenye kuulizana nani anakwenda, na kila anayekwenda afanye mazoezi, abebe, apike. Mazoezi fanyeni na mizigo, kwa sababu safari yenyewe ina mizigo. Kila mmoja ajue kuziba tairi lake. Mwendo upangeni kwa yule wa mwisho, na mwulizeni yeye mwenyewe, si rafiki yake. Cha mtu kiombwe kwa mtu huyo, si kwa kaka yake wala kwa mume wake. Na kabla hujamwambia mwenzako kwamba jambo ni dogo, jaribu kulibeba wewe siku moja.

Na siku utakayoonewa, kwa maana siku hiyo haiwakosi watu, usitafute pa kujifichia. Lia kama machozi yanakuja, kisha futa uso, umwendee aliyekukosea, umwambie akiwa anakutazama. Ukiwa mkubwa na ukimwona mdogo wako analia, usimsemee. Simama karibu naye mpaka amalize kusema mwenyewe.

Nendeni salama, wanangu. Mungu awatangulie kwenye kila kona na kila daraja, awaepushe na malori na mvua ya ghafla. Awape miguu isiyochoka upesi na wenzenu wasioachana njiani. Mkifika, mfike wote. Mkirudi, mrudi mkiwa bado mnaweza kutazamana usoni.